Nyuzi ndani ya plastiki: tuone kwanza kama vinashikamana

Tunasikia mingi siku hizi juu ya kuchanganya nyuzi za mimea na plastiki ya bidoni, ili vijana wetu wapate kazi siku shaba itashuka bei. Sisi wa sendika hatukatai. Mukonge, rafia, punga, yote inaota mu inchi yetu, na punga ilikuwa inalimwa tangu wakati wa Wabelgiji juu ya kutengeneza mifuko. Kule Ujerumani ya Mashariki, motokari Trabant, toka 1957 mpaka 1991, ilikuwa na ganda la resini na pamba ya kutupwa. Watu waliicheka, lakini ilitembea.

Ila tusidanganyane. Uzi wa mumea unapenda maji, plastiki inayakataa. Ukivichanganya hivi hivi havishikamane. Siku kitu kinapigwa, uzi unachomoka sawa musumari kwenye mbao iliyooza. Na uzi usiokauka unatoa mvuke wakati wa kuyeyusha, mvuke unaacha matundu. Kwa hiyo nyuzi zinaoshwa kwanza na sude, ile ile ya kutengenezea sabuni, ikiwa na maji mengi, kuondoa nta na uchafu. Kisha zinasuuzwa, zinakaushwa kabisa. Moto nao una mupaka: kupita digri 200 uzi unaanza kuharibika. Ndiyo maana polipropileni inafaa, inayeyuka karibu na 165.

Hapo sisi tunaingia. Sude inaunguza ngozi, inaweza kupofusha macho. Tunajua hii kazi itapewa nani: wamama na vijana wa cité, kwa siku, pasipo kontra. Glavu, miwani na maji ya kunawa vitangulie mashini. Vumbi ya nyuzi pia, jameni. Tumekwisha kumeza vumbi ya kutosha.

Kuna wanaosema mali hii itatoa kaske za bei nafuu kwa wachimbaji. Pole pole. Mu shimo maji haiishe. Uzi unakunywa maji, unavimba, unaachana na plastiki, na kwa macho kaske inabaki muzuri tu. Kaske iliyojaribiwa kavu peke yake hatutaivaa, na hatutakubali mutoto wa mutu aivalishwe. Waanze na viti, mabeseni, milango.

Wenye mradi wakuje kwenye ofisi ya sendika na vipande viwili: kimoja kavu, kingine kilicholala ndani ya maji mwezi muzima. Tutavivunja mbele ya wote.