Kufungwa Si Kufungisha

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars ilibanduliwa na Madagascar katika robo-fainali ya michuano ya CHAN uwanjani Kasarani, kwa mikwaju ya penalti 4-3, baada ya kutoka sare ya 1-1. Siku hiyo nilikuwa Habaswein, Kaunti ya Wajir, nilikokwenda kukusanya data ya lugha wala si kutazama kabumbu. Hata hivyo, katika mji ule siku ile hapakuwa na data nyingine ya kukusanya. Hoteli niliyozoea kunywa chai ya maziwa ya ngamia ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na kabla wachezaji wetu hawajaondoka uwanjani swali lilikuwa limekwisha kuulizwa: je, kipa huyu anafaa?

Jina la mji wenyewe lina maana yake. Kwa Kisomali, habaas ni vumbi, na weyn ni kubwa. Habaswein basi ni mahali penye vumbi jingi, na aliyewahi kusafiri kutoka Modogashe hadi huko wakati wa kiangazi hamhitaji mwanaisimu wa kumthibitishia etimolojia hiyo. Nalitaja vumbi kwa sababu litarejea mbele.

Waliojadili walikuwa walimu kwa wingi wao, wale ambao hawakusafiri wakati wa likizo, pamoja na wanafunzi wachache wa vyuo na wazee wawili watatu. Mwalimu mmoja wa hisabati alimtetea kipa Bryne Omondi, ambaye kocha Benni McCarthy alikuwa amemkabidhi lango katika michuano hiyo. Hoja yake ilikuwa ya tarakimu. Kenya iliishinda DR Congo 1-0 tarehe 3 Agosti, ikatoka sare ya 1-1 na Angola tarehe 7, ikaishinda Morocco 1-0 tarehe 10 na Zambia 1-0 tarehe 17, kisha ndiyo hiyo sare na Madagascar. Mechi tano, mabao mawili, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa la penalti. Isitoshe, dhidi ya Angola na dhidi ya Morocco Kenya ilimaliza mchezo ikiwa na wachezaji kumi. “Gawanya mwenyewe, maalim,” alisema. “Sufuri nukta nne kwa mechi.”

Kijana mmoja wa chuo akamjibu kwamba kipa hapimwi kwa kugawanya, bali kwa siku ya mikwaju. Mzee aliyeketi karibu na mlango akaongeza kwamba kipa aliwahi kuwa mmoja tu, Mahmoud Abbas wa AFC Leopards, yule waliyemwita “Kenya One”, katika ile miaka ya 1981, 1982 na 1983 Kenya ilipotwaa Kombe la Chalenji la CECAFA mara tatu mfululizo. Hapo hapakuwa na la kujibu. Kila mlinda lango wa Kenya tangu wakati huo amechezea chini ya kivuli hicho, na kumbukumbu ina hila zake: huihifadhi mikwaju iliyopanguliwa na kuisahau iliyoingia.

Nilinyamaza, kama apaswavyo mgeni. Lakini kadiri mjadala ulivyopamba moto ndivyo sikio langu lilivyotoka kwenye hoja na kwenda kwenye vitenzi.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili amepata kufundisha kauli ya kutendwa. Mshambulizi amefunga bao, bao limefungwa. Mpaka hapo hapana tatizo, kwani bao ndilo lililokuwa yambwa, nalo limepanda na kuwa kiima. Lakini mtaani na redioni hatusemi hivyo. Twasema, “Kipa amefungwa bao.” Tazama kilichotendeka katika sentensi hiyo fupi. Kipa amechukua nafasi ya kiima, bao limesalia nyuma yake, na mfungaji ametoweka. Kiungo aliyepoteza mpira katikati ya uwanja hayumo. Beki aliyechelewa kurudi hayumo. Kocha aliyepanga mabeki watatu badala ya wanne hayumo. Wachezaji kumi na mmoja waliingia uwanjani, naye aliyebaki katika sentensi ni mmoja.

Na kitenzi chenyewe si chepesi. Kufungwa ni kutiwa kamba, ni kutiwa jela, na ni kushindwa mchezoni. Yote hayo kwa umbo lile lile.

Tulinganishe na Kisomali, maadamu tuko Habaswein. Kipa huitwa goolhaye, yaani mshika goli. Anayetia mpira wavuni husemwa kwa kitenzi dhali, chenye maana ya kuzaa au kuzalisha: mshambulizi huzaa goli. Tena Kisomali hakina kauli ya kutendwa kama tuijuavyo sisi. Mahali petu pa kutendwa, wao hutumia kiwakilishi la, ambacho hakimtaji mtu yeyote hasa. Kwa hiyo mabao yanapoingia wao husema, kwa tafsiri ya neno kwa neno, kwamba “watu wamezaa goli kutoka kwetu”. Hakuna aliyefungwa kamba. Kuna mtoto aliyezaliwa upande usiofaa, basi.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewafurahisha wanafunzi wangu na kuwapotosha, kwa kuwa lugha haimlazimishi mtu kufikiri. Kireno hakina mchezo huu wetu wa maneno, na bado wenye Kireno ndio waliomtendea kipa ukatili mkubwa kupita wote nijuao. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu ili iwe bingwa wa dunia. Ikatangulia kufunga, Uruguay ikasawazisha, kisha Ghiggia akapiga mpira uliopita baina ya mlingoti wa karibu na kipa Moacir Barbosa. Ikawa 2-1. Barbosa alikuwa miongoni mwa makipa bora wa zama zake, lakini aliishi na bao hilo hadi alipofariki mwaka 2000. Inajulikana sana alivyopata kulalamika kwamba sheria ya Brazil haimfungi mhalifu zaidi ya miaka thelathini, ilhali yeye adhabu yake imefika hamsini. Yeye alikuwa akitafuta mfano. Mswahili angelisikia malalamiko hayo kama maelezo tu ya neno: alifungwa, akafungwa.

Basi kosa si la sarufi. Sarufi yetu imeweka tu kiti tayari. Anayemketisha mtu hapo ni sisi. Na kiti cha kufungwa, pamoja na uchungu wake wote, si kibaya kama kile cha pili.

Usiku ule, baada ya Isha, watu waliporejea hotelini, mmoja alilitamka neno ambalo lilibadilisha joto la mazungumzo. Walikuwa wakizungumza Kisomali wakati huo, lakini neno lilitoka kwa Kiswahili: kufungisha. Wasomaji walio walimu watatabasamu, kwa sababu kauli hii ya kutendesha ina heshima zake. Kadhi hufungisha ndoa. Lakini kipa “akitufungisha”, maana si kwamba ametuwezesha sisi kufunga. Ni kwamba ametusababishia kufungwa. Umbo ni la kutendesha, na kutendwa kumefichwa ndani yake. Hapa kipa hatendwi tena, ametenda. Na katika masikio ya wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki neno hilo hubeba shutuma isiyosemwa kwa sauti: kwamba alikusudia, na yamkini alilipwa.

Hilo si jambo la kufikirika. Patrick Matasi alikuwa langoni mjini Cairo tarehe 1 Julai 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya ilipokutana na Senegal. Katika kipindi cha kwanza aliupangua mkwaju wa penalti wa Sadio Mané. Kufikia kipenga cha mwisho Kenya ilikuwa imelala 3-0, Mané akiwa na mawili, mojawapo la penalti. Mtu yule yule, mechi ile ile: alidaka na akafungwa. Ndiyo kazi yenyewe. Kisha Machi 2025 Shirikisho la Soka nchini, FKF, lilimsimamisha kwa siku 90 ili zichunguzwe tuhuma za upangaji wa matokeo. Tuhuma ni tuhuma, na safu hii si mahakama. Nalitaja kwa sababu tangu hapo nimesikia wengi wakiyachanganya maswali mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni la uwezo: anaruka kwa wakati? anaipanga safu yake ya ulinzi? anaitoka krosi au anaganda mstarini? Hilo ni letu sote, tulijadili hadi chai ipoe. La pili ni la uaminifu, nalo lina vyombo vyake, ushahidi wake na haki ya mtuhumiwa kusikizwa. Anayeruka kutoka la kwanza hadi la pili kwa sababu tu mpira umeingia hajachambua soka. Ametoa hukumu.

Niseme basi nionavyo kuhusu la kwanza, nisije nikaonekana nimejificha nyuma ya isimu. Kwa kiwango cha CHAN, michuano ya wachezaji wanaosakata soka katika ligi za nchi zao wenyewe, naona Omondi alistahili jezi aliyopewa. Kumhukumu kwa mikwaju ya robo-fainali si haki: lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, mpira huwekwa mita 11 tu, na hufika katika muda usiotimia nusu sekunde. Mikwaju mingi duniani huingia, na anayepiga ndiye mwenye fursa kubwa. Lakini CHAN si mwisho wa safari. Tarehe 5 Septemba 2025, wiki mbili baadaye, Kenya ilifungwa na Gambia 3-1 pale pale Kasarani, katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, yaani mabao mengi kuliko yale ya mechi tano za CHAN. Simu ilinifikia kutoka Habaswein usiku huo huo, na ni yule kijana wa chuo. Nilimjibu kwamba washambulizi wale huchezea klabu za ng'ambo, na kwamba ngome yetu nzima ndiyo iliyopigwa, si mtu mmoja. Kipa huwa hodari kwa kiasi cha mikwaju anayoizoea kila wiki, na ligi yetu haimzoeshi mikwaju ya aina ile. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uwenyeji wa Kombe la Afrika la 2027. Anayetaka kipa wa kiwango hicho aulize kwanza ni klabu ngapi za ligi yetu zina mkufunzi wa makipa anayelipwa kila mwezi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini si Kasarani kunakonisumbua zaidi. Asubuhi iliyofuata ile ya Madagascar, yule mwalimu wa hisabati alinipitisha karibu na uwanja wa mchanga na kunisimulia habari ya shule moja ya eneo hilo, ambayo sitaitaja. Katika michezo ya shule za sekondari mwaka huo, mvulana wa kidato cha pili alikuwa langoni. Upepo ulikuwa umeinua vumbi, ndiyo Habaswein. Mpira wa kawaida, usio na nguvu, ukapita baina ya miguu yake, na shule yake ikatolewa. Kwa bahati mbaya, wapinzani walitoka upande wanakoishi wajomba zake. Kabla ya magharibi neno lilikuwa limekwisha kutamkwa: amefungisha, amewapa wajomba zake.

Hebu tulipime neno hilo katika mji ambamo ukoo ni bima, ni mahakama, na mara nyingine ni mpaka wa malisho. Kosa la miguu likageuzwa kuwa kosa la damu. Mvulana hakufika shuleni kwa majuma mawili. Wazee wa pande mbili walilazimika kuketi na mwalimu mkuu kuhusu mpira ambao, mwalimu aliniambia, yeye mwenyewe hakuuona vizuri kwa sababu ya vumbi. “Tungesema tu kwamba alikosea, maalim,” alisema, “angerudi Jumatatu.”

Najua walimu wengi huwapa wanafunzi mada za soka katika midahalo na insha, nami naona ni jambo jema. Kijana hujifunza kujenga hoja kwa kitu akipendacho. Ombi langu ni dogo. Mwanafunzi akiandika “kipa wetu hafai”, adaiwe ushahidi kama anavyodaiwa katika somo la historia: ni mikwaju mingapi iliyolenga lango, ni mingapi aliyopangua, nani alipoteza mpira kabla ya kila bao, na palikuwa na mabeki wangapi mbele yake. Akiandika “kipa ametufungisha”, mwalimu apige mstari chini ya neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: una hakika ni kauli hii unayoikusudia?

Nilimuuliza yule mwalimu kama mvulana bado anacheza. Alisema anacheza, tena vizuri, lakini sasa ni winga wa kushoto na hataki kusikia habari ya glavu. Nikauliza ni nani basi anayedaka. Akacheka kidogo, akatazama mlingoti uliokuwa umeinama kwa upepo. Hakuna anayetaka, alisema. Kabla ya kila mechi wanavuta vijiti.