Chungu Aangukaye Hutafuta Mti Wake

Wahenga walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ni maneno mazuri, lakini hayamwambii aliyekwisha anguka kweli afanye nini. Jibu la swali hilo nimelipata kwa mdudu chungu, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwaeleze wenzangu, pamoja na kaka zetu waliokwisha maliza shule.

Katika misitu ya Marekani ya Kusini na ya Kati wako chungu weusi wakaao juu ya miti mirefu. Watendakazi wao hawana mbawa, na mara kwa mara huanguka. Chini ni hatari, kwani misitu mingine hufunikwa na maji miezi mingi ya mwaka, na aangukaye majini huliwa na samaki. Mtaalamu mmoja, Stephen Yanoviak, alikuwa juu ya mti huko Peru akawakung'uta chungu waliokuwa wakimuuma. Akaona ajabu! Hawakwenda chini moja kwa moja kama mawe, bali walipinda hewani wakarudi kwenye shina.

Yeye na wenzake walitangaza habari hiyo mwaka 2005. Chungu huanguka wima kwanza. Kisha hujigeuza, akaelekeza upande wake wa nyuma kwenye shina, akateleza hewani kinyumenyume mpaka akalishika kwa makucha. Katika kila chungu 100 walioangushwa, zaidi ya 80 walirudi kwenye mti ule ule. Hawakufika tawini mara moja. Walitua chini zaidi, wakapanda kwa miguu, na mara nyingi dakika 10 hazikupita kabla hawajafika juu. Lakini wale waliopakwa rangi machoni wasione, wengi walilikosa shina.

Wala jambo hili si la ng'ambo peke yake. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kwamba huko Gabon, katika bara letu wenyewe, wako chungu wa jamii ya Cataulacus wafanyao vivyo hivyo. Jamii hiyo ina ndugu zake katika miti ya Afrika Mashariki pia. Je, ni nani kati yetu aliyepata kuinua macho kuwatazama?

Sasa nitasema lililo moyoni mwangu. Babu yangu alizaliwa Ngumi, kimoja cha visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini ya Kismayo, pamoja na Koyama, Chovai na Chula. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa vyombo vya baharini mpaka Kenya, na babu alikuwa miongoni mwao. Mimi nilizaliwa huku. Nilipoingia Kidato cha Kwanza niliulizwa kwetu ni wapi, nami nikajibu, "Lamu." Niliona haya kutaja kisiwa ambacho wenzangu hawajapata kukisikia. Nyumbani nako, babu akisema "mchu" mahali tunaposema "mtu," sisi wajukuu tulikuwa tukicheka. Yeye alinyamaza tu. Leo najua kwamba siku zile nilikuwa nikijipaka rangi machoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Wako wasemao kwamba aliyeanguka na atafute mti mwingine, yaliyopita yamepita. Mimi sikubali. Sisemi kwamba kila mtu apande chombo kesho arudi Ngumi. Hata chungu hatui pale pale alipotoka. Ninalosema ni kwamba lazima alione shina. Na shina letu ni lugha ya wazee, majina ya visiwa na miamba, habari za uvuvi, na mahali walipozikwa waliotuzaa. Mkataa kwao ni mtumwa.

Tena kuna jambo moja zaidi. Chungu anaweza kuwa na macho mazuri na makucha makali, lakini mti ukikatwa hana pa kushika. Wazee wetu ndio mti huo, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu, wawe Wabajuni au watu wa kabila lo lote, likizo ijayo mkae na babu na bibi zenu, mwaandike maneno yao katika daftari kama wanavyoyatamka, bila kuwacheka. Nanyi kaka zetu, mlio na kazi na nafasi, tusaidieni kuyahifadhi maandishi hayo. Mimi nimekwisha anza. Neno la kwanza katika daftari langu ni "mchu."

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne