Lami Mpya Ipewe Saa Zake, Nasi Tuambiwe Ni Saa Ngapi

Lami ikiwekwa mtaani hapa Nakuru, kuna mchezo ambao kila mtu anaujua. Mkandarasi anaziba njia kwa mawe na matawi. Haipiti nusu saa, mtu wa nduthi anashuka, anasukuma jiwe moja kando, anapita. Wa pili anapita palepale. Jioni matatu nayo inapita, maana dereva ashapiga hesabu ya mafuta ya kuzungukia mbali. Kufika asubuhi, mawe yote yako mtaroni na lami mpya ina alama za magurudumu ambazo hazitatoka tena.

Hapo kila upande una utetezi. Mkandarasi atasema raia hawana nidhamu. Raia watasema njia ilifungwa bila mtu kuwaambia itafunguliwa lini. Kwa maoni yangu, ugomvi huu wote unatokana na jambo moja ambalo hakuna anayejisumbua kulieleza: lami mpya inahitaji muda gani, na kwa nini?

Wengi wetu tunadhani lami ni kama slabu ya nyumba. Ukimwaga zege, fundi anakuambia umwagilie maji na usubiri, na wahandisi hupima nguvu yake baada ya siku 28. Hiyo ni kemia. Saruji inashikana na maji hadi inakuwa jiwe.

Lami ya moto haifanyi hivyo. Ni kokoto na mchanga vilivyochanganywa na ile gundi nyeusi inayotokana na mafuta ghafi. Mchanganyiko huo hupikwa kwenye mtambo hadi nyuzijoto 150 au 160 hivi, ukaletwa kwa lori ukiwa umefunikwa turubai, ukatandazwa na kushindiliwa ungali moto. Inakuwa ngumu kwa sababu inapoa. Basi.

Kwa hivyo anayeamua saa ya kufungua njia ni kipimajoto. Wahandisi wengi husubiri lami ishuke chini ya nyuzi 60, na wengine hungoja hadi 50. Kwa tabaka la kawaida la unene wa sentimita tano, hizo ni saa kadhaa tu. Wiki mbili haziingii hapo.

Lakini hizo saa kadhaa si za kuchezewa. Gundi ikiwa bado moto ni laini, na uzito wowote unaibonyeza. Egesha pikipiki juu yake uone stendi inavyozama. Dereva akikata usukani gari likiwa limesimama, tairi linachuna kokoto. Kale kashimo na ule mfereji wa magurudumu vinabaki vikingoja mvua ya Aprili. Maji yakishatuama na kuingia ndani, magari yanamalizia kazi. Baadaye tunaanza kulia kwamba tumepewa lami ya kubandikwa kama stika.

Hali ya hewa ya Nakuru nayo ina mambo yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Asubuhi na jioni kuna baridi, mchana jua linachoma. Baridi na upepo huipoza lami haraka, jambo zuri kwa anayengoja kupita lakini baya kwa anayeshindilia. Rola inafaa kumaliza kazi kabla joto halijashuka hadi nyuzi 80 hivi. Ikipita hapo, unazungusha chuma bure. Jua nalo huichelewesha lami kupoa kwa sababu rangi nyeusi inanyonya joto. Ndiyo maana lami iliyowekwa saa nane mchana mwezi wa Januari haiwezi kupewa muda sawa na ile ya jioni ya Julai.

Kuna hatua moja ambapo neno "kukauka" lina maana kweli. Kabla ya lami ya moto kuja, changarawe iliyoshindiliwa hupuliziwa mafuta meusi. Mara nyingi hiyo ni lami iliyolainishwa kwa mafuta taa, na lazima mafuta taa yaruke hewani kwanza. Hiyo huchukua siku moja au mbili, na zaidi kukiwa na baridi au mvua. Ukipita mapema, unayabeba kwa magurudumu na kuacha changarawe uchi. Mkandarasi naye akikimbilia kuweka lami juu yake kabla ya wakati, mafuta taa yanabaki chini yakilainisha kazi yake mwenyewe. Kwa hivyo pupa haiko kwa watu wa nduthi peke yao.

Sasa tuongee pesa. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli tunayonunua Kenya inakatwa Sh25 za kutunza barabara. Kabla ya hapo ilikuwa Sh18. Ukijaza lita nne kwenye nduthi yako, Sh100 zimeenda huko kabla hujabeba abiria wa kwanza. Buda, hiyo lami unayoikanyaga ikiwa moto ushailipia. Ikiharibika, utailipia tena kwenye mafuta, halafu uilipie mara ya tatu kwa fundi wa shokabsoba.

Nakubali kuna hoja upande wa pili, na ni nzito. Mama mboga ambaye wateja wake hawafikii kibanda hawezi kula nyuzijoto. Dereva anayetoka Kaptembwo au Free Area akirudishwa mara tatu kwa siku anapoteza trip, na jioni mwenye gari anataka hesabu yake kamili. Isitoshe, tumezoea kuona njia zikifungwa, mtambo unaondoka, na mawe yanakaa wiki nzima bila mtu wa kuuliza. Mtu aliyedanganywa mara tano hataamini ya sita. Akisukuma jiwe, anajibu kimya cha wiki nzima.

Hapo ndipo nawalaumu wenye kazi kuliko wapita njia. Iwe ni KURA, KeNHA, KeRRA au serikali ya kaunti, bango kubwa lenye jina la mradi hupatikana haraka. Lenye saa ya kufungua njia ni adimu. Gharama yake ni kipande cha mbao na rangi. Liandikwe mambo manne: ni kazi gani inafanywa, lami imewekwa saa ngapi, njia itafunguliwa saa ngapi, na nambari ya simu ya kupiga saa hiyo ikipita. Pale penye nafasi, barabara ifanywe upande mmoja kwanza ili upande wa pili upitike. Na badala ya mawe, waajiriwe vijana wawili wa mtaa huo wenye bendera na jaketi za kuakisi mwanga, wasimame hapo hadi ipoe. Kijana anayejulikana stejini atasikizwa kuliko jiwe.

Jambo hili halitatuachia hivi karibuni. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, una urefu wa zaidi ya kilomita 170 na unapita Naivasha, Gilgil, Nakuru na Salgaa. Kwenye njia hiyo hupita malori ya mizigo ya kutoka Mombasa kwenda Uganda na kwingineko, yale yanayopimwa kwenye mizani ya Gilgil. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwapa wahandisi kanuni inayotumika hadi leo: ukiongeza maradufu uzito wa ekseli moja, uharibifu wa barabara unaongezeka karibu mara 16. Sasa piga picha lori lililojaa, likipanda mlima pole pole, juu ya lami iliyofunguliwa kabla haijapoa kwa sababu kuna msongamano na mkubwa fulani amepiga simu.

Wakati huohuo, ujuzi huu unatupa haki ya kudai. Lami ya moto ndiyo kazi ya barabara inayoweza kufunguliwa siku hiyohiyo. Kama tabaka la mwisho liliwekwa Jumatatu na Ijumaa njia bado imefungwa, uliza. Huenda kuna mtaro au kingo zinazomaliziwa, na hiyo ni sababu halali, lakini isemwe. Kusubiri kunakoelezwa ni ushirikiano. Kusubiri kusikoelezwa ni dharau, na watu hujibu dharau kwa miguu na magurudumu yao.

Wiki hii kama kuna mtambo unanguruma mtaani kwenu, usingoje bango. Mwendee fundi mwenye kipimajoto umuulize imefika nyuzi ngapi na njia inafunguliwa saa ngapi. Akikujibu, peleka hiyo saa stejini na kwenye grupu ya mtaa, watu wapange safari zao. Akikosa jibu, hilo nalo litangazeni.