Mtumbwi usingoje masika

Mwezi wa nane unakwisha. Ninyi wa Kasongo kando ya Lualaba, na ninyi wa Kabambare kando ya Luama, munaona mchanga ungali wazi. Lakini mvua za mwezi wa tisa haziko mbali, na maji yatapanda. Basi posho hii, baba, ita vijana wako muvute mtumbwi mpaka kivulini. Musiuache juani: jua kali linapasua mti.

Muoshe, mukwangue matope. Halafu mumwage maji ndani, mutazame chini. Mahali yanapotoka, mutie alama ya makaa. Mti ukikauka, mujaze ufa nyuzi za gunia kwa kisu butu, kisha mupake lami ya moto. Lami iyeyushwe nje, watoto wakae mbali. Ufa mkubwa, mupigilie bati juu yake. Lakini kisu kikiingia katika mti kama katika muhogo uliolowa, musizibe kitu: mtumbwi ule umekwisha.

Kijana atasema: “Baba, ufa ni mdogo, tutamwaga maji kwa kopo.” Ndiyo, siku mukiwa wawili. Siku ya soko je? Mama na mtoto mgongoni, magunia, mchimba dhahabu na mzigo wake. Nani atashika kopo, nani atashika kafi?

Siku ya Mungu, kabla jamaa yote haijapanda, muujaribu wawili tu, karibu na ukingo. Ukikaa mkavu, muite mama.