Swali la "Una uhakika?" humlinda nani?

MITAMBO NA WATU
Na Salim Mwinyihaji

Programu ya kufuatilia kasoro, yaani daftari la kielektroniki ambamo watengenezaji na watumiaji wa programu huandika kila hitilafu waliyoikuta, wakaipa namba, wakaikabidhi kwa fundi na hatimaye wakaifunga inapokwisha kurekebishwa, huendeshwa kwa amri fupi ambazo aghalabu hazizidi neno moja: funga, unganisha, hamisha, futa. Ufupi huo ndio faida yake na ndio hatari yake, kwa kuwa amri ileile inayofunga tiketi moja, yaani hitilafu moja iliyoandikwa humo, iliyokwisha kazi inaweza, kwa kutia alama kwenye visanduku vichache zaidi vya orodha, kufunga tiketi mia tano ambazo bado zina watu wanaozisubiri. Kinga iliyozoeleka dhidi ya hatari hiyo ni hatua ya uthibitisho, yaani ujumbe unaojitokeza katikati ya skrini kabla amri haijatekelezwa na kumuuliza mtumiaji kama ana uhakika. Na kwa namna inavyotengenezwa mara nyingi, kinga hiyo humlinda zaidi aliyeiunda programu kuliko anayeitumia.

Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh, alieleza katika kitabu chake The Humane Interface cha mwaka 2000 kwamba swali linaloulizwa kila mara na kujibiwa vilevile kila mara hugeuka kuwa sehemu ya amri yenyewe, hata likakoma kuwa swali. Mchambuzi wa tiketi, ambaye kazi yake ni kupitia kasoro mpya na kuamua ipi ni ya kweli, ipi ilikwisha kuripotiwa na ipi haina maelezo ya kutosha, anaweza kufunga tiketi kumi kabla chai yake ya asubuhi haijapoa. Afikapo ya nne, kidole kimekwisha kujifunza kwamba baada ya "Funga" huja "Sawa", nacho hubofya "Sawa" ilhali macho yamekwisha kuhamia kwenye tiketi ya tano. Siku atakapoteua tiketi isiyostahili kufungwa, swali litakuja kama kawaida na litajibiwa kama kawaida, kisha kumbukumbu za seva zitaonyesha kuwa alithibitisha mwenyewe, na mwenye programu atakuwa amejivua lawama.

Kisa kinachofaa kuchunguzwa kwa karibu zaidi ni kile kilichoipata Atlassian, kampuni iliyoanzia Australia na inayotengeneza Jira, mojawapo ya programu za kufuatilia kasoro zinazotumika sana duniani. Tarehe 5 Aprili 2022 wahandisi wake walikusudia kuondoa programu-tumizi moja ya zamani iliyokuwa imepachikwa kwenye tovuti za baadhi ya wateja, nao wakaendesha skripti, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa tayari ili kompyuta iutekeleze wote kwa mkupuo. Orodha ya namba za utambulisho waliyopewa haikuwa ya programu-tumizi hiyo bali ya tovuti zenyewe, na mfumo uliopokea amri ulikubali namba za aina zote mbili bila kubagua: ukipewa namba ya programu-tumizi hufuta programu-tumizi, ukipewa namba ya tovuti hufuta tovuti. Kuanzia saa 4:38 hadi saa 5:01 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tovuti 883 za wateja 775 zilifutwa, na kazi ya kuzirejesha iliendelea hadi tarehe 18 ya mwezi huo. Wateja hao hawakuweza hata kufungua tiketi ya malalamiko kwa njia ya kawaida, kwa sababu taarifa za kuwatambua zilikuwa zimefutwa pamoja na tovuti zao.

Ripoti iliyotolewa baadaye na kampuni yenyewe ilikiri kwamba mfumo ule haukutoa ishara yoyote ya kuthibitisha kama kinachofutwa ni tovuti au programu-tumizi, na kwamba wenzao walioikagua kazi kabla ya kuendeshwa waliangalia ni amri gani inayotumwa na kwa namna gani, wala hawakuhakiki namba zilizomo. Msomaji mwepesi wa kuhitimisha atasema kuwa dawa ilikuwa kuongeza swali la "Una uhakika?", lakini wahandisi wale walikuwa na uhakika, na kama wangeulizwa hivyo wangejibu ndiyo bila kusita na bila kudanganya. Walichokikosa ni sentensi moja ya kuwaambia kwamba wako karibu kufuta tovuti nzima 883 za wateja, habari ambayo kompyuta ilikuwa nayo na binadamu hawakuwa nayo.

Wapo wanaoamini kwamba tatizo huisha mtumiaji akilazimishwa kuandika jina la kitu anachokigusa badala ya kubofya tu, kama GitHub inavyofanya mtu anapotaka kufuta hazina ya programu, yaani mahali panapohifadhiwa msimbo pamoja na tiketi zake, na kama ilivyokuwa ikifanya mwaka 2022 mtu alipotaka kuificha isionekane na umma. Mwezi huohuo wa Aprili 2022 ilibainika kwamba mradi wa programu wa HTTPie ulikuwa umepoteza nyota zipatazo 54,000, yaani alama za watu walioupenda na kuufuatilia kwa takribani miaka kumi, baada ya hazina yake kuu kufanywa ya faragha kwa makosa. Aliyetoa amri alikuwa amechanganya majina ya hazina mbili, hivyo jina aliloliandika kwa mkono wake ndilo lilelile alilokuwa amekosea, na ujumbe uliomtahadharisha ulikuwa na maneno yaleyale ambayo angeyaona mwenye hazina tupu isiyo na nyota hata moja.

Mfano wa kinyume upo katika Bugzilla, iliyoandikwa na Terry Weissman mwaka 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla. Watu wawili wakiibadilisha tiketi moja kwa wakati mmoja, yule wa pili husimamishwa na ukurasa unaoliita tukio hilo mgongano wa angani, ukamwonyesha hasa mwenzake amebadilisha nini wakati yeye akiandika, kisha ukamwachia achague kuyafuta mabadiliko ya mwenzake, kuweka maoni yake tu au kuiangalia tiketi upya. Swali hilo haliji ila pale panapokuwa na jambo, na kila lijapo huwa na habari mpya. Ni mantiki ileile ya huduma ya Hakikisha katika M-Pesa ya Kenya, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Jina geni hulishtua jicho, jambo ambalo "Sawa" na "Ghairi" haziwezi.

Pengine lililo bora zaidi ni kutouliza kabisa. Mfumo wa kufuatilia kasoro wa mradi wa programu huria wa Debian, ambao Ian Jackson aliuandika miaka ya 1990, hupokea amri kwa barua pepe kutoka kwa yeyote, bila nywila wala uthibitisho (na desturi ni kumalizia orodha ya amri kwa neno la Kiingereza la kushukuru, ambalo huiambia seva isisome zaidi). Seva hurudisha barua inayoeleza amri moja moja ilivyotekelezwa, tiketi iliyofungwa kimakosa hufunguliwa tena kwa amri nyingine, na iliyofungwa huwekwa kwenye kumbukumbu za kudumu baada ya siku 28, ambako pia inaweza kutolewa. Pale ambapo kila tendo hutenduliwa, kosa hugharimu barua moja zaidi.

Hata hivyo yapo matendo yasiyotenduliwa, na mojawapo ni kuondoa alama inayoifanya tiketi ya kasoro ya usalama isionekane ila na wachache, kwa maana walioisoma katika dakika tano za wazi hawawezi kusahaulishwa. Hapo swali lina nafasi yake, mradi liseme kwamba tiketi hii itaonekana na watu wote, kwamba kasoro yenyewe bado haijarekebishwa katika matoleo fulani yanayotumika, na kwamba barua pepe itawaendea wafuatiliaji wake wote kwa idadi yao. Na kitufe chake kisiandikwe "Sawa", kiandikwe "Iweke wazi kwa umma".