Tupunguze Mizigo ya Kurasa Zetu

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshika njia kutoka Unyanyembe, Tabora, kwenda Bagamoyo alibeba pembe za ndovu za frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na juu yake mkeka wa kulalia, chungu na posho yake. Akirudi bara alibeba vitambaa, shanga na waya. Kila kitu kilikuwa na kazi: shanga zilinunua chakula njiani, vitambaa vililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi. Mzigo ulipozidi, aligoma au alitoroka usiku.

Ndugu zangu, habari zinazofika Tabora leo hazibebwi begani, lakini uzito wake bado unalipiwa na mnyonge. Ukurasa wa kawaida wa intaneti siku hizi unapita megabaiti 2. Maneno aliyoyafuata msomaji huenda yasijaze hata kilobaiti 10. Kilichobaki ni picha za mapambo, matangazo ya biashara na programu za kumpeleleza anabofya nini. Mrina asali wa Sikonge mwenye bando la siku ndiye anayevilipia vyote. Huu ni udhalimu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Mfano mwema tunao nyumbani. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani. Shule zimeorodheshwa, unabofya ya kwako, linakuja jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni, alama za kila somo. Basi. Mzazi wa Urambo anashuka na kidole mpaka kwenye namba ya mwanawe, anaiona, amemaliza. Sijamsikia mzazi aliyelalamika kwamba jedwali lile halina urembo. Na kitochi kisichojua intaneti kinatuma pesa kwa *150*00#, kwa menyu ya maneno na namba tu.

Ughaibuni nako wapo waliochoka na kurasa nzito. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilitoa Gopher, mtandao wa orodha na maandishi, ambao baadaye ulimezwa na wavuti. Mwaka 2019 ukaanza mtandao mwingine wa aina hiyo, Gemini: maandishi na viungo, bila vidakuzi, bila programu zinazojiendesha ndani ya ukurasa. Sisemi tuhamie huko, maana watumiaji wake ni wachache mno. Nasema tuige adabu yake.

Atasema mtu kwamba huku ni kurudi nyuma. La hasha. Mwanafunzi anayejifunza baiolojia kwa video apewe video. Lakini tangazo la kukatika kwa maji lina haja gani na picha tano zinazopokezana?

Basi enyi wa halmashauri, wa vyuo na wa vyama vya ushirika, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti mkabidhini simu ya bei ya chini kabisa. Apande basi hadi Sikonge, anunue bando dogo, afungue kazi yake palepale stendi. Isipofunguka, arudi nayo akaipunguze.