Mmenunua rangi, injini hamkuiona

Kiangazi kikianza, hapa Kabondo-Dianda hawakosekani watu watatu au wanne wa kupanda kwenda Lubumbashi na fedha za watu. Fedha ya parokia, fedha ya ushirika wa mahindi, fedha ya ukoo uliouza samaki wa Bukama misimu mingi. Wanarudi na jipu. Siku hiyo ni shangwe, watoto wanakimbia nyuma ya vumbi, wazee wanapiga picha wameegemea boneti. Mvua za Oktoba zikishika, jipu lile lile limelala chini ya mwembe bila gurudumu la mbele, na watu wazima wenye akili zao wanaulizana ni nani aliyelitupia jicho.

Hakuna aliyelitupia jicho! Laiti mmoja wenu angelitupia, hata lile la kushoto, kabla ya kuhesabu dola.

Nimeona jinsi tunavyonunua. Mkuu wa msafara anaketi, anabonyeza honi, anafungua redio, anauliza kama baridi ya ndani inafanya kazi. Anapiga teke tairi moja. Komisyonere, yaani dalali wa uwanja wa magari, anamwambia, "Papa, hii ni chuma ya Japani, utaiachia wajukuu." Papa anatabasamu. Hataki kulala chini na kuchafua shati mbele ya vijana wa uwanja, na hataki kuonekana kama mtu asiyemwamini mwenzake. Kwa haya hiyo ya dakika ishirini, mama mjamzito atabebwa kwa baiskeli mwezi wa Februari.

Mnafika uwanjani, gari linanguruma tayari, na mnachukulia hiyo ni heshima. Ni ujanja. Injini iliyokwisha kupata moto huficha nusu ya magonjwa yake. Weka kiganja juu yake kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, aga kwa adabu na urudi kesho asubuhi bila kutaja saa. Ikiwa baridi kweli, fungua kifuniko cha rejeta uangalie kama mafuta yanaelea juu ya maji, kisha chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na hapo safari yako imekwisha. Ndipo washa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanayopenya kwenye silinda, au dizeli isiyoungua sawasawa. Chungulia tena rejeta: mapovu yasiyoisha, au paipu ya juu inayokakamaa kabla injini haijapata moto, ni gesi ya silinda inayotoroka kupitia kulasi, kile kichwa cha injini, iliyopasuka. Prado za zamani zenye injini ya 1KZ-TE zinajulikana kwa ugonjwa huo karibu Afrika nzima, na bado tunazinunua kwa kuangalia viti.

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, ile inayosifiwa kuliko watakatifu, nayo ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Dashibodi ina taa ya kukumbusha, na taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo ni kufungua injini yote. Uliza ulibadilishwa lini na garaji gani. Akijibu "haina shida, mukubwa", uhesabu kwamba haukubadilishwa.

Sasa lala chini, shati litafuliwa. Nyuma ya kila gurudumu la mbele la hizi Land Cruiser kuna tufe la chuma linaloliwezesha gurudumu kukata kona. Lipitishie kidole. Grisi nyeusi kidogo si neno. Lakini kama oili nyepesi imetiririka mpaka ndani ya rimu, sili imekufa, oili ya difu imesafisha grisi ya beringi, na maji ya kila kidimbwi yatapita njia hiyo hiyo kuingia. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise kwa nguvu. Likicheza, ndilo gurudumu linalokuja kuanguka chini ya mwembe wetu. Hakuna mchawi hapo. Kuna beringi.

Na chesisi! Gari lina miaka ishirini, bodi imekwaruzika, lakini chesisi inang'aa kwa rangi nyeusi mpya. Nani alipaka, na alikuwa anaficha nini? Kaskazini mwa Japani barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma taratibu, kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaponing'inia na pale boksi ya usukani ilipofungwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza au kilichochomelewa kikapakwa lami hutoa sauti ya kufa. Ukiwa hapo hapo, soma namba iliyogongwa kwenye chesisi, ilinganishe na kibati na karte roze, yaani kadi ya gari, herufi kwa herufi.

Kuna wanaojiona wajanja: wao hununua "gari la mradi". Eti jeupe, eti lilikuwa la wazungu, limetunzwa. Ndugu zangu, gari hilo limepita njia hizi hizi zetu za mchanga na matope, kila siku, na dereva asiyelipia springi. Mashirika huliuza kwa zabuni lilivyo na lilipo, yaani ukishalipa huna pa kulalamika. Huenda ni zuri. Basi lipime kama mengine.

Serikali yetu nayo, mwaka 2012, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 10. Kenya inakataa yaliyozidi 8, Uganda tangu 2018 inakataa yaliyozidi 15. Sawa, kila nchi na hesabu yake, lakini kalenda haikagui beringi. Mimi ningechukua Land Cruiser ya 1998 yenye ekseli nzima nikaacha jipu jipya lililohamishiwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto na fundi asiyejulikana. Hayo yapo mengi. Ingiza kichwa chini ya dashibodi utafute vyuma vilivyokatwa na kuchomelewa, uangalie kama wipa bado zinafagia upande wa dereva wa zamani. Usukani na breki ndivyo vilivyohamishwa; hapo hapana mzaha.

Na fundi? Mnajivunia kwamba mlikuwa na fundi. Nani alimleta? Komisyonere. Nani alimlipa? Komisyonere, tena baada ya mauzo. Mlitegemea aseme nini? Hapa kwetu kuna mafundi waliozeeka chini ya magari haya, wanajua kila jino la gia zake, na hakuna kamati inayowakatia hata tiketi ya treni. Mnaona gharama ya chakula chake kwa siku nne ni kubwa, kisha mnanunua kulasi.

Na kwa nini nasisitiza hivi? Wabelgiji walifikisha reli Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaungana na Ilebo. Leo treni ikikwama, mgonjwa wa vijiji vyetu hubaki na barabara tu, na kwenye barabara ile gari lisilovuta kwa magurudumu manne ni mzigo mwingine wa kusukumwa.

Kwa hiyo atakayesafiri kiangazi hiki aende na fundi wake, amlipe kwa siku, gari linunuliwe au lisinunuliwe. Na kabla ya bei, alitoe gari kwenye lami. Nje ya Lubumbashi udongo haukosekani. Afunge loki zote mbili za mbele, atie gia nzito, apande mahali pa mchanga, atoe kichwa dirishani aone kama magurudumu ya mbele yanauma kweli au yanaburuzwa. Muuzaji akisema lami inatosha, gari hilo ni la kukaa kwenye lami. Amwachie funguo zake.